Theluji ya Rwenzori: Wajibu wa Taasisi za Utamaduni, Utalii na Michezo

Tarehe 18 Juni 1906, Mwanamfalme Luigi Amedeo wa Abruzzi, kutoka Italia, alifika juu ya kilele kirefu kuliko vyote katika safu ya Rwenzori, akakipa jina la malkia wa nchi yake, Margherita. Kilele hicho kina mita 5,109 juu ya usawa wa bahari, nacho kimo mpakani kati ya Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika bara zima la Afrika ni milima miwili tu inayokizidi kwa urefu, yaani Kilimanjaro na Mlima Kenya. Vitabu vingi vya historia huitaja safari ile kama habari ya mgeni aliyekuja, akapanda, akavipa vilele majina, kisha akarudi kwao. Makala haya yanaitazama kwa jicho jingine. Msafara ule, bila kukusudia, uliacha ushahidi ambao leo unatuwezesha kujua kwa hakika jinsi tabianchi ya eneo letu ilivyobadilika. Ushahidi huo uliletwa na mchezo. Watu waliokuwa na jina la theluji kabla ya mgeni kufika waliutunza mlima kwa mila. Na fedha za kuulinda leo hutokana kwa sehemu na utalii. Ndiyo maana Rwenzori ni mahali pazuri pa kuuliza swali ambalo raia wengi hawajaliuliza: taasisi za utamaduni, utalii na michezo zina wajibu gani katika kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi?

Kwa kawaida jambo hili huachiwa wizara za mazingira, wataalamu wa hali ya hewa na mashirika ya misaada. Mwananchi akisikia neno tabianchi hufikiri kuhusu mikutano ya ng'ambo na mikataba migumu kusomeka. Lakini historia ya mlima huu inaonyesha kwamba tangu mwanzo habari ya tabianchi imepita mikononi mwa wapandaji, wapagazi, wapiga picha, wazee wa mila na walinzi wa hifadhi. Tuifuate hatua kwa hatua.

Picha zilizogeuka kuwa mizani

Mwanzoni mwa karne ya 20, kupanda milima kulikuwa tayari mchezo wenye vyama na kanuni zake huko Ulaya. Chama cha wapanda milima cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1857, na kile cha Italia mwaka 1863. Vyama hivi viliwafundisha wanachama wake desturi moja muhimu: atakayefika mahali papya lazima apime, achore ramani na apige picha, ili wengine wasadiki. Mwanamfalme wa Abruzzi alikuja na mpiga picha aliyesifika sana kwa picha za milima katika zama zake, Vittorio Sella. Vifaa vya kupigia picha wakati huo vilikuwa vizito, na vilibebwa kwa mikono na mabega ya watu. Katika miinuko ya juu, penye tope la kuzamisha magoti na baridi ya kukata ngozi, mizigo ilibebwa na Wakonzo, wenyeji wa miteremko ile. Majina yao hayakuandikwa kwenye ramani, lakini bila wao picha zile zisingekuwapo.

Sella alipiga picha vilele na barafu ya kudumu iliyovifunika. Hapa inafaa kutofautisha maneno mawili ambayo mara nyingi tunayachanganya. Theluji ni ile inayodondoka kutoka mawinguni kama pamba na huenda ikayeyuka siku hiyohiyo. Barafu ya kudumu ni theluji iliyorundikana miaka na miaka, ikashindiliana hadi kuwa gumu kama jiwe, nayo hujongea polepole kuelekea bondeni. Mwaka 1906 milima sita ya safu hii ilikuwa na barafu ya kudumu: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Kwa kuzitumia ramani na picha za msafara ule, wanasayansi wa baadaye walikadiria kwamba barafu hiyo ilikuwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 6.5.

Karibu karne moja baadaye, mwaka 2003, vipimo vilivyofanywa kwa msaada wa picha za setilaiti vilionyesha kuwa eneo hilo lilikuwa limepungua hadi chini ya kilomita moja ya mraba. Barafu ya Emin, Gessi na Luigi di Savoia ilikuwa imetoweka kabisa. Mwaka 2024 msafara wa Project Pressure, ulioongozwa na mpiga picha Klaus Thymann, ulirudi mlimani kulinganisha hali ya sasa na ya zamani. Ilibainika kuwa barafu ya uwanda wa juu wa Mlima Stanley ilipoteza karibu asilimia 30 ya eneo lake kati ya mwaka 2020 na 2024. Miaka minne tu, msomaji mpendwa. Muda ambao mwanafunzi hutumia kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne.

Hili ndilo funzo la kwanza. Chama cha michezo kinapotunza kumbukumbu zake vizuri, kinakuwa mzani wa taifa. Hakuna serikali iliyokuwa imemtuma Sella kupima tabianchi, wala neno lenyewe halikuwapo katika lugha za wakati huo kwa maana ya leo. Alifanya kazi ya mchezo wake kwa uaminifu, na uaminifu huo ukawa shahidi baada ya miaka 100. Leo kila mbio za barabarani, kila safari ya mlimani na kila uwanja wa mpira unaweza kuandika joto la siku, mvua iliyonyesha, mechi zilizoahirishwa kwa mafuriko na saa zilizobadilishwa kwa sababu ya jua kali. Kumbukumbu kama hizo hazigharimu sana. Zinahitaji daftari na mtu asiyechoka.

Theluji katika mila

Wageni walipouliza jina la mlima, walipewa neno la Wakonzo. Nzururu ni theluji, na Rwenzururu ni mahali pa theluji. Kwa hiyo jina ambalo wanafunzi wa dunia nzima husoma katika jiografia ni neno la Kiafrika lililopotoka kidogo midomoni mwa wageni. Katika imani ya Wakonzo, Kitasamba, mwenye mlima, hukaa huko juu kwenye weupe usiofikiwa ovyo. Vilele havikuwa mahali pa kwenda kutembea. Mwindaji aliyepanda alijua mipaka yake, na sehemu nyingine za msitu hazikukatwa miti kwa kuwa zilikuwa za matambiko. Ng'ambo ya pili ya mlima, upande wa Kongo, ndugu zao Wanande wana lugha iliyo karibu sana na yao, na mlima ni mmoja kwa wote.

Sina nia ya kudai kwamba mababu walikuwa wataalamu wa mazingira kwa maana ya leo. Wao pia waliwinda, walikata mianzi na walichoma mashamba. Ninachosema ni kwamba mila iliweka mpaka, na mpaka ule ulisimamiwa bila askari wala faini. Mpaka wa aina hiyo hudumu kwa sababu watu wanauamini. Unapovunjika, huwezi kuurejesha kwa tangazo la gazetini.

Suala la mila lilipata sura ya kisiasa mwaka 1962, harakati za Rwenzururu zilipotangaza kujitenga na Ufalme wa Tooro. Chimbuko lake lilikuwa kikundi kilichoundwa katika miaka ya 1950 kwa lengo la kukusanya historia na desturi za Wakonzo. Baada ya miongo mingi ya misukosuko, serikali ya Uganda iliutambua rasmi ufalme wa kitamaduni wa Rwenzururu mwaka 2009. Msomaji ataona jambo la kufikirisha hapa. Ufalme mzima umeitwa kwa jina la theluji. Theluji ikitoweka, jina litabaki, lakini watoto watakaozaliwa watalitamka bila kuiona maana yake kwa macho.

UNESCO iliiandikisha Hifadhi ya Rwenzori katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1994. Iliandikishwa kwa vigezo vya maumbile: uzuri wa mandhari na wingi wa viumbe. Vigezo vya utamaduni havikutumika. Maana yake ni kwamba katika karatasi za dunia mlima huu ni mawe, barafu na mimea ya ajabu, Kitasamba hayumo. Taasisi za utamaduni zina kazi ya kuijaza nafasi hiyo: kurekodi simulizi za wazee, kuyataja majina ya Kikonzo ya mito na mabonde, na kuonyesha ni sehemu zipi za msitu zililindwa na mila na kwa nini. Mwacha mila ni mtumwa, walisema wahenga. Nasi tunaweza kuongeza kwamba mila isiyoandikwa hupotea kama theluji ileile.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Msitu wa Rwenzori ulitangazwa kuwa hifadhi ya misitu mwaka 1941, na mwaka 1991 ukawa Hifadhi ya Taifa yenye ukubwa unaokaribia kilomita za mraba 1,000. Hatua hiyo iliokoa miti mingi, lakini iliwaumiza watu. Familia zilizokuwa zikichukua mianzi, asali, dawa na kuni ziliambiwa kwamba kuingia msituni sasa ni kosa. Sehemu za matambiko nazo zikawa ndani ya mpaka uliolindwa na bunduki. Kwa mwenyeji, lile lililoitwa uhifadhi lilionekana kama mlango uliofungwa.

Mambo mawili yalisaidia kupunguza uchungu huo. La kwanza ni utaratibu wa kisheria uliotokana na sheria ya wanyamapori ya mwaka 1996, ambao unaitaka Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda kupeleka asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi kwa serikali za mitaa zinazopakana na hifadhi. Sheria mpya ya mwaka 2019 imeuendeleza utaratibu huo. La pili ni makubaliano kati ya walinzi wa hifadhi na vijiji, yanayoruhusu wananchi kuvuna baadhi ya mazao ya msitu kwa kiasi na kwa zamu. Tena, tangu mwaka 1987 kulikuwa na chama cha wenyeji, Rwenzori Mountaineering Services, kilichowapa vijana wa miteremko kazi ya uongozaji na upagazi. Wajukuu wa watu waliobeba vyombo vya Sella bila majina yao kuandikwa walianza kulipwa kwa kuijua njia.

Utalii huu ulishawahi kukatika. Kati ya mwaka 1997 na 2001 hifadhi ilifungwa kwa wageni kutokana na vita vya waasi, na kuanzia 1999 hadi 2004 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini. Wenyeji walijifunza kwamba riziki itegemeayo mgeni huondoka pamoja na mgeni. Leo hatari imebadilika sura. Wengi wa wapandaji huja kwa sababu wanataka kukanyaga barafu karibu kabisa na Ikweta, jambo ambalo ni nadra duniani. Njia ya kufikia Margherita inazidi kuwa ngumu pale barafu inapojitenga na mwamba na kuacha nyufa na kuta zinazohitaji ngazi na kamba. Itakapokwisha kabisa, kampuni na chama kitakachokuwa kimejitangaza kwa barafu pekee kitakuwa hakina bidhaa.

Kwa hiyo wajibu wa taasisi za utalii una pande mbili. Upande mmoja ni kusema kweli. Wako watangazaji wanaowahimiza wageni waje haraka kabla barafu haijaisha, kana kwamba kifo cha mlima ni mnada. Mgeni anayesafiri kwa ndege kutoka bara jingine kuja kuaga barafu anaongeza gesijoto zilezile zinazoiyeyusha. Ni haki aelezwe hivyo, na ni haki aombwe akae siku nyingi zaidi, ale chakula kilicholimwa Kasese, aajiri kiongozi wa kijiji, na achangie upandaji wa miti kwa fedha inayojulikana imekwenda wapi. Upande wa pili ni kuandaa bidhaa nyingine mapema: misitu ya mianzi, mimea mikubwa ya lobelia isiyoonekana kwingi duniani, ndege wa eneo hili, kahawa ya miteremko, na historia ya watu wenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji atapona tu iwapo ameandaa kitu cha kumwonyesha mgeni wa kesho.

Moto, maji na bonde

Wengi hudhani kwamba barafu ikiyeyuka yote, mito ya Kasese itakauka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 unatoa jibu la kushangaza: maji yatokanayo na barafu ni chini ya asilimia 2 ya maji ya Mto Mubuku pale unapofika chini ya mlima. Maji mengine yote huletwa na mvua, nayo huhifadhiwa na msitu, nyasi na madimbwi ya miinuko ya juu, ambayo hunyonya kama sifongo na kuyatoa polepole. Mto huo huendesha mitambo ya umeme na kumwagilia mashamba. Kumbe barafu ni kengele ya hatari, na tangi la maji ni msitu. Binadamu wa bondeni hawezi kuirudisha barafu kwa mikono yake, lakini msitu anaweza kuulinda.

Ushahidi wa jambo hili ulikuja kwa machozi. Mwaka 2012 moto uliunguza uoto wa sehemu za juu za mlima, ambazo kwa kawaida huwa na unyevu mwingi kiasi kwamba moto hauzishiki kirahisi. Mwezi Mei 2013 mvua kubwa ilinyesha, Mto Nyamwamba ukashuka na mawe makubwa, magogo na tope, ukaua watu na kubomoa makazi katika bonde la Kilembe na mji wa Kasese. Watafiti waliochunguza mafuriko hayo walitaja ule moto wa juu kuwa miongoni mwa mambo yaliyochangia, pamoja na mvua yenyewe na maporomoko ya ardhi. Mwezi Mei 2020 mito kadhaa ilifurika tena, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ulikuwa juu ya mlima, na ukuta uliobomoka ulikuwa wa wodi ya wagonjwa bondeni.

Tukumbuke pia suala la haki. Afrika nzima hutoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa inayomwagwa angani na dunia, ingawa watu wake ni karibu moja ya tano ya wanadamu wote. Mkulima wa kahawa wa Kasese hakuiyeyusha barafu ya Stanley. Anayo haki ya kudai kwa walioiyeyusha. Lakini mafuriko hayasubiri kesi iamuliwe, na ndiyo sababu kazi ya nyumbani haiwezi kuahirishwa.

Ahadi zilizokwisha kutolewa

Taasisi tunazozizungumzia haziwezi kusema kwamba hazikujua. Mwezi Desemba 2018, katika mkutano wa tabianchi uliofanyika Katowice, Poland, Umoja wa Mataifa ulizindua mwongozo wa michezo kwa ajili ya tabianchi kwa ushirikiano na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Mwezi Novemba 2021, katika mkutano wa Glasgow, lilitolewa tamko la sekta ya utalii lenye lengo la kupunguza gesijoto zake kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Mwezi Desemba 2023, huko Dubai, kundi la nchi zinazotetea nafasi ya utamaduni katika kukabili mabadiliko ya tabianchi lilianza kazi, likiongozwa na Brazil na Umoja wa Falme za Kiarabu. Utamaduni ulikuwa wa mwisho kuingia mezani, ilhali kwa Rwenzori ndio uliokuwa wa kwanza kuuwekea mlima mpaka.

Ahadi ni neno. Raia huuliza tendo. Katika michezo, Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa mwaka 2023 jukumu la kuandaa kwa pamoja mashindano ya kandanda ya Mataifa ya Afrika, AFCON 2027. Hiyo ni nafasi ya kuuliza maswali ya kawaida kabisa. Je, mashabiki watasafirishwa kwa mabasi ya pamoja au kila mmoja kwa gari lake? Maji ya mvua yanayoanguka juu ya paa la uwanja yanakusanywa au yanamwagika kwa majirani? Taa za uwanja zitatumia umeme gani? Chupa za plastiki zitakwenda wapi mechi ikiisha? Vilevile, mji wa Kasese umekuwa mwenyeji wa mbio za marathoni za Rwenzori tangu mwaka 2022. Mbio zinazobeba jina la mlima zina deni kwa mlima. Kila mkimbiaji angeweza kulipiwa mche mmoja wa asili kutoka katika ada yake, ukapandwa kando ya Nyamwamba, na mwaka unaofuata waandaaji wakatangaza mbele ya watu ni miche mingapi iliyo hai. Kupanda si kazi ngumu. Kuhesabu iliyopona ndiyo kazi.

Wanariadha nao wana sauti isiyo na mfano. Joshua Cheptegei, aliyeshinda dhahabu ya mita 10,000 katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, ametoka katika miteremko ya Mlima Elgon. Mlima huohuo ulizika mamia ya watu wa Bududa katika maporomoko ya Machi 2010. Vijana wetu wanawajua wakimbiaji hawa kwa majina na kwa rekodi zao. Shirikisho la riadha likimpa mwanariadha nafasi ya kuzungumzia mteremko alikozaliwa, kijana atamsikiliza kuliko atakavyolisikiliza bango la wizara.

Katika utamaduni, tunao mfano wa Buganda. Nguo ya gome hutengenezwa kwa gome la mti uitwao mutuba. Fundi hulibandua gome kwa uangalifu, hulifunika shina kwa majani ya mgomba, na mti huota gome jingine. Ufundi huu ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa dunia usioshikika, ukaingizwa rasmi katika orodha mwaka 2008. Mti unaozaa nguo kwa miaka mingi bila kukatwa ni shule tosha. Tena, makaburi ya wafalme huko Kasubi yaliungua Machi 2010, na kazi ya kuyajenga upya ilihitaji nyasi za kuezekea, miti na nguo za gome, hadi UNESCO ilipoyaondoa katika orodha ya hatari mwaka 2023. Jengo la mila haliwezi kusimama bila ardhi inayoota nyasi zake. Taasisi ya utamaduni inayopanda mutuba na kutunza mbuga za nyasi inafanya kazi ya tabianchi, hata kama hailitaji neno hilo.

Kwa Rwenzori, kazi ya pamoja ingeweza kuanza na jambo dogo: wazee wa mila, walinzi wa hifadhi na chama cha wapagazi wakae meza moja kabla ya kila msimu wa kiangazi na kupanga ulinzi dhidi ya moto. Wazee wanajua sehemu ambazo watu huingia kwa matambiko au kwa asali. Wapagazi hupita huko juu kila wiki na ndio huona moshi kwanza. Walinzi wana redio na mamlaka ya kisheria. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na kwa kuwa mlima una pande mbili, mazungumzo yavuke mpaka. Katika soko la Mpondwe na mjini Beni watu wa Uganda na Kongo huelewana kwa Kiswahili. Lugha inayotosha kuuziana samaki na vitenge inatosha pia kuonyana kuhusu moto.

Raia afanye nini basi? Aulize. Halmashauri iliyopokea asilimia 20 ya viingilio imeitumia wapi, na je, sehemu yoyote imekwenda kuimarisha kingo za mto? Klabu anayoishabikia ina mpango gani kuhusu taka na maji? Mamlaka ya utalii inapoweka picha ya barafu katika matangazo yake, ilipigwa mwaka gani? Ufalme wake umerekodi simulizi za wazee wangapi kabla hawajaondoka? Haya si maswali ya kitaalamu, na mjibuji hahitaji shahada ili kuyajibu.

Picha za Sella zimetimiza zaidi ya miaka 100, na bado zinasema kweli. Picha zinazopigwa mwaka huu na wapagazi wa Kasese kwa simu zao nazo zitatazamwa siku moja na watu ambao hawajazaliwa. Barafu huenda haitakuwamo katika picha za baadaye, na watu hao watalijua hilo. Watakachotafuta ni msitu chini yake: kama bado umesimama, na kama bonde la Nyamwamba bado lina watu, shule na hospitali.